Uzi maalumu: Vurugu za The Jesus and Mary Chain jukwaani, 1984 hadi 1985, na kilichokuwa nyuma yake

MLETA UZI

Wanajukwaa, salaam.

Kila inapotajwa bendi ya The Jesus and Mary Chain, mazungumzo huishia kwenye chupa zilizorushwa, mitambo iliyovunjwa na maonyesho ambayo hayakufika hata dakika 20. Nimesoma mabandiko mengi ya namna hiyo, na kila mara nabaki na kinyongo, kwa sababu bendi hii ya Uskochi ilirekodi mojawapo ya albamu bora kabisa za miaka ya 1980, na anayeikumbuka kwa ghasia peke yake amekosa sehemu kubwa ya kazi yake. Hoja yangu ni kwamba vurugu zile zilianza kama aibu ya vijana wasiojua kusimama mbele za watu, zikageuzwa bidhaa na meneja wao, kisha zikakaribia kuizika bendi yenyewe. Kilichoiokoa ni nyimbo.

Tuanzie nyumbani kwao. Ndugu wawili, William Reid aliyezaliwa mwaka 1958 na Jim Reid aliyezaliwa mwaka 1961, walikulia East Kilbride, mji uliopangwa na serikali baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupunguza msongamano wa Glasgow. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wote wawili hawakuwa na kazi, na kwa miaka kadhaa waliishi kwa posho ya serikali, wakikaa chumbani kusikiliza santuri, kuchora na kupanga bendi ambayo haikuwa na mpiga ngoma, haikuwa na jukwaa na haikuwa na msikilizaji. Baba yao alipopunguzwa kazi kiwandani, aliwapa pauni 300 kutoka katika kiinua mgongo chake, nao wakanunua mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne za sauti. Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa uzito wake. Mzee aliyekwisha kupoteza ajira aliwakabidhi vijana wake wasio na ajira fedha ambazo familia ingeweza kuzitumia kwa mengine mengi, na nyimbo walizorekodi kwa mashine hiyo ndizo zilizowatoa East Kilbride.

Katika nyimbo hizo walikuwa wanaunganisha vitu viwili ambavyo wanamuziki wengi wa wakati ule waliviona kuwa maadui. Walizipenda sauti tamu za makundi ya wasichana wa Marekani ya miaka ya 1960, kama The Ronettes na The Shangri-Las, na papo hapo walipenda kelele za bendi za roki za Marekani, The Velvet Underground na The Stooges. Hawakutaka kuchagua upande. Mpiga besi wao, Douglas Hart, alikuwa na gitaa lenye nyuzi mbili tu na hakuona haja ya kuongeza nyingine. Baada ya mpiga ngoma wa kwanza kuondoka, nafasi yake ilichukuliwa na Bobby Gillespie, ambaye alipiga akiwa amesimama, akitumia ngoma mbili pekee, kwa mtindo wa Maureen Tucker wa The Velvet Underground.

Kanda yao ilimfikia Gillespie akiwa Glasgow, naye akaipeleka kwa rafiki yake Alan McGee, Mskochi aliyekuwa London, ambaye aliwahi kufanya kazi katika shirika la reli la British Rail na ambaye mwaka 1983 alianzisha lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa santuri, ya Creation. McGee aliwaalika kupiga kwenye klabu yake, The Living Room, Juni 1984. Walifika bila uzoefu, wakagombana wakati wa kujaribu mitambo, wakapiga ovyo mbele ya watu wachache sana, na McGee akaamua palepale kwamba amepata bendi ya maisha yake, akawa meneja wao. Wapo wanaosema aliona nafasi ya biashara na si muziki. Mimi naamini aliona vyote viwili, na ndipo matatizo yalipoanzia.

Singo ya kwanza, "Upside Down", ilitoka Novemba 1984 na ikakaa kwenye chati ya lebo huru, zile zisizo chini ya kampuni kubwa, kwa zaidi ya mwaka mzima. Wakati huohuo habari za maonyesho yao zilikuwa zinaenea. Jim aliimba akiwa ameupa umati mgongo, gitaa la William halikuwa limelinganishwa sauti, pombe ilikuwa nyingi, na onyesho liliisha kabla watu hawajamaliza kinywaji cha kwanza. Wasikilizaji walianza kuja wakiwa wamejiandaa kwa ugomvi.

Kilele chake kilikuwa tarehe 15 Machi 1985, katika chuo cha Polytechnic of North London, barabara ya Holloway. Tiketi ziliuzwa kupita uwezo wa ukumbi na mamia ya watu wakafungiwa nje, kisha milango ikafunguliwa kwa nguvu. Bendi ilichelewa kupanda jukwaani kwa zaidi ya saa moja, ikapiga kwa muda usiofika dakika 20, ikaondoka. Umati uliobaki ukavunja mitambo ya sauti na taa, na polisi wakaitwa. Siku zilizofuata McGee alitoa tamko lililoyasifu yaliyotokea kuwa sanaa kama ugaidi, na magazeti yakapata habari yao.

Swali ninaloliweka mezani ni hili: tuzihesabu dakika zile 20 kuwa sehemu ya kazi yao ya sanaa, au tuzihesabu kuwa kitu kilichoizuia kazi hiyo isionekane?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, shukrani kwa bandiko lililoandikwa kwa utulivu. Hata hivyo, naona umewatetea mno. Mtu amelipa nauli na kiingilio, amesimama foleni kwenye baridi ya Machi ya London, kisha anapigiwa nyimbo sita zisizosikika na kuonyeshwa mgongo wa mwimbaji. Kwa sisi tuliozoea bendi ya dansi kuwasindikiza wasikilizaji wake hadi usiku wa manane, huo ni ukosefu wa heshima, na kuuita sanaa hakubadilishi kitu kwa mtu aliyechanwa uso na chupa. Naomba pia utofautishe aibu na dharau, kwa sababu anayeketi ukumbini hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili anayofanyiwa.

MLETA UZI

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaizunguka. Waliojeruhiwa na waliodhulumiwa kiingilio walikuwa watu halisi, na hakuna nadharia ya sanaa inayowalipa. Lakini tofauti kati ya aibu na dharau ndiyo hasa ninayotaka tuiangalie. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye, Jim Reid amesema mara nyingi kwamba alikuwa mwenye haya kupita kiasi na kwamba hakuweza kupanda jukwaani bila kunywa kwanza. Tukilifahamu hilo, ule mgongo aliouonyesha umati unasomeka kwa namna nyingine. Kuhusu ufupi wa maonyesho, bendi yenyewe ilijibu kwamba haikuwa na nyimbo nyingi na kwamba ni bendi chache mno zenye nyimbo nzuri za kutosha kujaza muda mrefu zaidi. Jibu hilo lina ujeuri wa ujana, nakubali, ila lina ukweli pia: mwanzoni mwa 1985 walikuwa wametoa singo mbili tu.

Kosa, kwa maoni yangu, ni la waliouza tiketi nyingi kuliko nafasi, wakijua vizuri ni bendi gani wamewaitia watu.

MCHANGIAJI WA PILI

Wakuu, mimi ni fundi mitambo kwa kazi yangu, naomba nichangie upande ambao kwa kawaida husahaulika. Neno "kelele" limetumika sana hapo juu kana kwamba ni ajali, na kwa bendi hii si kweli.

Kelele inayosikika kwenye rekodi zao ni ile inayotokea sauti ya spika inaporudi kwenye chombo kilichoizalisha. Kila mmoja wetu ameisikia kwenye sherehe, mshereheshaji anaposogeza maiki karibu na spika na ukumbi mzima ukajaa mluzi. Kwenye gitaa la umeme kinachotokea ni hiki: spika inazitikisa nyuzi, vinasa sauti vya gitaa vinaupeleka mtikisiko huo kwenye amplifaya, amplifaya inaukuza na kuurudisha kwenye spika, na mzunguko unaendelea wenyewe bila mpigaji kugusa uzi wowote. Gitaa lenye uwazi ndani hushikwa na hali hiyo haraka zaidi, kwa sababu mwili wake mzima hutetemeka. William Reid aliongezea pedali, yaani kifaa cha kubadili sauti kinachobonyezwa kwa mguu, ya Kijapani ya Shin-ei, ambayo fundi mwenye nidhamu angeikataa kwa ukali wa sauti yake, lakini kwake ndiyo iliyotoa ule mkwaruzo unaofanana na chuma kinachokatwa.

Kuudhibiti mluzi huo ni kazi ngumu. Unatawaliwa na umbali kutoka kwenye spika, pembe aliyosimama mpigaji, kiwango cha sauti na hata umbo la chumba. Studioni mambo hayo hupangwa, na yakitoka vibaya hurudiwa. Katika ukumbi mdogo uliojaa watu, wenye mitambo ya kukodi na mpigaji aliyelewa, kinachotoka ni bahati nasibu. Ndiyo maana nyimbo zilezile zilizosikika kama ghasia tupu jukwaani zinasikika zikiwa na mpangilio kamili kwenye albamu ya Psychocandy. Albamu hiyo ilirekodiwa kwenye studio ya Southern, kaskazini mwa London, pamoja na fundi John Loder, mtu aliyezoea kazi za bendi za panki, yaani roki kali na ya haraka, na ambaye hakujaribu kuwasafisha. Sikilizeni "Never Understand" kwa spika nzuri mtasikia kwamba mluzi umewekwa juu, ngoma na besi ziko chini kwa ukimya wa kushangaza, na sauti ya Jim ipo katikati, kwa sehemu kubwa bila kupiga kelele. Anaimba kwa upole kama mtu aliye peke yake chumbani. Tofauti hiyo kati ya mwimbaji mpole na gitaa linalounguruma ndiyo bendi yenyewe, na jukwaani mwaka 1985 haikuweza kusikika kwa sababu mitambo ilimmeza mwimbaji.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mleta uzi ni kwamba maonyesho yale yalikuwa rasimu, na kazi iliyokamilika ipo kwenye santuri.

MLETA UZI

Fundi, umenipa lugha niliyokuwa naitafuta. Naomba niongeze juu ya albamu hiyo, kwa sababu bila hiyo uzi huu usingekuwa na maana.

Psychocandy ilitoka Novemba 1985 chini ya Blanco y Negro, lebo iliyokuwa ndani ya kampuni kubwa ya Warner na iliyomhusisha Geoff Travis wa lebo huru ya Rough Trade. Inafunguliwa na "Just Like Honey", na midundo yake ya kwanza ni ileile ya "Be My Baby" ya The Ronettes ya mwaka 1963, imechukuliwa wazi bila kufichwa. Baada ya mwaka mzima wa habari za chupa na polisi, watu waliweka santuri hiyo wakitarajia kupigwa usoni, wakakutana na wimbo wa mapenzi unaokwenda taratibu, wenye huzuni na heshima kwa muziki uliowatangulia. Sijui albamu nyingine ya kwanza ya bendi ya Uingereza iliyojibu maneno ya magazeti kwa ustadi wa namna hiyo. Bendi nyingi zilizofuata, zikiwemo My Bloody Valentine, zilijifunza hapo kwamba wimbo mtamu unaweza kuishi ndani ya kelele bila kupoteza utamu wake.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba kuuliza kwa heshima, mkuu: nafasi ya McGee ni ipi hasa? Wengi huandika kana kwamba yeye ndiye aliyezitunga vurugu zote. Pia, ikiwa nyimbo ndizo zilizowaokoa, mbona matukio hayakuisha baada ya albamu?

MLETA UZI

Asante kwa swali, ndugu. McGee alikuwa kijana aliyeshuhudia jinsi bendi ya panki ya Sex Pistols ilivyojulikana nchi nzima mwaka 1976 na 1977 kwa kashfa kabla wengi hawajasikia muziki wao, na aliamini njia hiyo inaweza kufuatwa tena. Hakuzitunga vurugu, kwa sababu tumeona zilikuwepo tangu Juni 1984 alipokutana nao. Alichofanya ni kuzipa maelezo. Kila kiti kilichovunjika kilipata tamko, na kila tamko liliwaita watu zaidi wenye nia ya kuvunja viti. Kufikia Septemba 1985, kwenye ukumbi wa Electric Ballroom huko Camden, chupa zilirushwa tena na watu wakaumia, na hapo mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba umati haukuwa unausikiliza muziki hata kidogo. Ulikuwa umekuja kutekeleza yale uliyoyasoma gazetini.

Hapa ndipo ninapomlaumu meneja waziwazi. Vijana wale wenye haya walipewa sura ya wachochezi, na sura hiyo ikawafunga. Mwaka 1985 kiwanda cha kuchapa santuri kilikataa kuchapa wimbo wao wa upande wa pili wa singo kwa sababu ya maneno yake juu ya Yesu, na mwaka 1986 mtangazaji wa Radio 1 ya BBC akakataa kuupiga "Some Candy Talking" kwa kuwa aliusikia kama wimbo wa dawa za kulevya. Kashfa ilizaa kashfa. Mwaka huohuo wa 1986 Gillespie aliondoka kuiendesha bendi yake ya Primal Scream, na baadaye ndugu wa Reid wakaachana na McGee kama meneja.

Kilichofuata ni uamuzi ambao kwangu ni wa kishujaa kuliko onyesho lolote la fujo. Waliitoa kelele. Darklands ya mwaka 1987 ilirekodiwa bila mpiga ngoma, kwa mashine ya midundo, mluzi wa gitaa ukiwa umeondolewa karibu wote, nyimbo zikiachwa wazi zionekane zilivyo. Albamu hiyo ilifika nafasi ya 5 kwenye chati ya Uingereza, na "April Skies" ikaingia kwenye kumi bora. Wenye mashaka walipata jibu lao: ukiiondoa kelele yote, nyimbo bado zinasimama.

Kuhusu matukio kutoisha, ni kweli. Novemba 1987 huko Toronto, Jim aliyekuwa anazomewa na watu wa mbele alitumia stendi ya maikrofoni kuwapiga, akakamatwa na kulala mahabusu. Sina utetezi wowote kwa tendo lile. Ila lilikuwa na sura tofauti na ya mwaka 1985. Mwaka 1985 umati ulikuja kutafuta fujo kwa bendi. Toronto ilikuwa hasira ya mtu mmoja aliyekwisha kuchoka kutarajiwa afanye fujo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimeanza kukuelewa, ingawa kwenye suala la kiingilio nabaki pale nilipokuwa. Nimalizie na swali moja. Mwisho wao wa mwaka 1998 ulikuwa wa aibu jukwaani, kwa hiyo je, vurugu hazikushinda mwishowe?

MLETA UZI

Tarehe 12 Septemba 1998, kwenye ukumbi wa House of Blues mjini Los Angeles, Jim alipanda akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kuimba, na William akaondoka jukwaani baada ya takriban robo saa. Mwaka uliofuata bendi ikatangazwa kuwa imevunjika. Lakini naomba tusiliweke tukio hilo kwenye kapu moja na yale ya Holloway. Hakukuwa na meneja wa kulipamba, hakukuwa na umati uliokuja kuvunja mitambo. Walikuwa ndugu wawili waliokwisha kushindwa kuzungumza, baada ya miaka 15 ya kuishi ndani ya gari moja la safari, na pombe iliyoanza kama dawa ya haya ikiwa imegeuka ugonjwa.

Walirudi kwa taratibu. Dada yao Linda alirekodi albamu kwa jina la Sister Vanilla, kaka zake wote wawili wakashiriki kila mmoja kwa sehemu yake, nayo ikatoka mwaka 2007. Mwaka huohuo wakapanda pamoja kwenye tamasha la Coachella huko California, ambapo mwigizaji Scarlett Johansson aliitikia sauti za nyuma kwenye "Just Like Honey", wimbo ambao filamu aliyoigiza mwaka 2003 ilikuwa imeupeleka kwa kizazi kipya.

Kwa suala lako la kiingilio, ndugu yangu, nina jambo moja la kukupa. Kuanzia Novemba 2014 walizunguka wakiipiga Psychocandy yote, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, miaka 29 baada ya kutoka. Walianza kwa kupiga nyimbo zao nyingine, kisha wakaingia kwenye albamu. Onyesho la Barrowland, Glasgow, lilirekodiwa na kutolewa kama albamu mwaka 2015, na anayetaka kuhukumu namna bendi hii inavyosikika jukwaani aanze na rekodi hiyo kabla ya kurudi kwenye hadithi za chupa. Kelele ipo yote kama fundi alivyoieleza, na sauti ya Jim inasikika katikati yake, neno kwa neno. Baada ya hapo asikilize Darklands, kisha Damage and Joy ya 2017 na Glasgow Eyes ya 2024, ambazo ni albamu za watu wanaofanya kazi yao bila kusubiri polisi waitwe.